Sifa Njema za Usingizi wa Chipu

Katika kero zote zinazomkuta mtu anayeandika programu za mikrokontrola, naisifu ile inayotukanwa kuliko zote: hali ya kubana umeme inayoikatia probu mawasiliano kazi ikiwa imepamba moto. Nyaya ziko sawa, programu imepakiwa bila tatizo, kila kitu kinakwenda. Unataka kuisimamisha chipu ili uone kigeu fulani kina thamani gani, na kompyuta inakujibu kwamba chipu haipatikani. Sasa hivi tu ilikuwapo. Hakuna kilichoungua wala waya uliochomoka. Chipu imelala, na ilipolala imeiacha probu nje.

Mafundi wengi huihesabu hali hiyo kuwa dosari, tena ya kuudhi, kwa kuwa hujitokeza pale pale unapokuwa na haraka. Mimi naihesabu miongoni mwa mambo mema kabisa tuliyofanyiwa na wabunifu wa chipu. Ni mwalimu, ni mkaguzi, na ni wakili wa mtu ambaye hayupo mezani, yaani yule atakayekitumia kifaa baada yetu. Majukumu hayo matatu nitayatetea.

Tuanze na probu yenyewe. Probu ya kudibagi ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya kompyuta na chipu. Upande mmoja kina USB, upande wa pili nyaya chache. Kuna ST-LINK ya STMicroelectronics, kuna J-Link ya SEGGER, kuna Black Magic Probe, na kuna nyingi zinazofuata utaratibu wa CMSIS-DAP uliotolewa na ARM. Njia kongwe ya mawasiliano hayo ni JTAG, iliyopitishwa mwaka 1990 kuwa kiwango cha IEEE namba 1149.1, na shabaha yake ya awali ilikuwa kupima maungio ya bodi kiwandani. Kwenye chipu za ARM Cortex-M njia inayotumika zaidi ni SWD, ambayo inatosheka na nyaya 2 za mawasiliano, mmoja wa data na mmoja wa mapigo ya saa, pamoja na ule wa hasi. Kwa nyaya hizo unaweza kuisimamisha prosesa katikati ya mstari wa programu, ukasoma rejista zake, ukachungulia kumbukumbu, ukabadilisha thamani, kisha ukairuhusu iendelee kama vile hakuna kilichotokea. Ni uwezo mkubwa sana, na kila uwezo mkubwa humzoesha mwenye nao vibaya. Baada ya muda fundi huona ni haki yake kuingia ndani ya chipu saa yoyote anayotaka.

Sasa chukua STM32F103 ya STMicroelectronics, chipu iliyomo kwenye ile bodi ndogo ya bluu inayouzwa kwa bei nafuu na kujulikana kote kwa jina la Blue Pill. Ina ngazi 3 za usingizi: Sleep, Stop na Standby. Kwenye ya kwanza prosesa husimama, vifaa vingine vya ndani vikiendelea. Kwenye ya pili saa kuu zote hunyamaza, lakini RAM hubaki na yaliyomo. Kwenye ya tatu karibu kila kitu huzimwa, na kuamka kwake ni sawa na kuwashwa upya. Programu huingia usingizini kwa amri moja ya ARM, WFI, inayoiagiza prosesa itulie mpaka iitwe. Sehemu ya chipu inayoiwezesha probu kuifikia prosesa na kumbukumbu hutegemea mapigo ya saa hizo hizo. Zikinyamaza, probu inabaki inabisha hodi na ndani hakuna wa kuitika.

Sifa ya kwanza ya kero hii ni kwamba haisemi uongo. Chipu inayoendesha kazi kwa kasi yake ya juu ya 72 MHz inakula makumi ya miliampea. Ikiwa ndani ya Stop, na kidhibiti chake cha volti kikiwa katika hali ya umeme mdogo, inakula mikroampea 14 hivi. Ikiwa ndani ya Standby, mikroampea kama 2. Piga hesabu kwa betri za AA zenye uwezo wa takriban miliampea-saa 2,000. Kwa miliampea 30 mfululizo, betri hazifiki siku 3. Kwa mikroampea 14, hesabu ya karatasi inatoa zaidi ya miaka 16, maana yake betri zitakufa kwa uzee wake kabla chipu haijazimaliza. Tofauti ya siku 3 na miaka 16 haitokani na betri bora wala na ufundi wa kulehemu. Inatokana na chipu kulala kweli.

Utajuaje kwamba imelala kweli? Hapo ndipo kero inapoanza kazi yake ya ukaguzi. Probu ikikatika, una ushahidi wa bure kwamba saa zimenyamaza. Probu isipokatika kwenye chipu ya namna hii, jiulize maswali. Kisa kinachojulikana sana ni cha SysTick, saa ndogo ya ndani ambayo programu nyingi huiweka ilie kila milisekunde 1. Mtu anaandika WFI, anaamini chipu imelala, kumbe SysTick inaiamsha mara 1,000 kwa sekunde. Programu inafanya kazi vizuri, skrini haina lawama, mawasiliano na probu yanapatikana kwa urahisi, na betri inaisha. Kila kitu kilichomfurahisha fundi mezani kilikuwa dalili ya ugonjwa. Angezoea kuisikiliza kero, ukimya wake ungemshtua mapema.

Sifa ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: kero hii inaufichua uongo wa probu. Nasema uongo nikijua uzito wa neno. Probu iliyounganishwa haiangalii tu, inakibadilisha inachokiangalia. Ni sawa na mgeni ndani ya nyumba: akiwapo, taa haizimwi na hakuna anayekwenda kulala, na asubuhi yake atakwambia kwamba watu wa nyumba hiyo hukesha kila siku.

Kwenye STM32F103 kuna rejista inayoitwa DBGMCU_CR. Biti zake 3 za kwanza, DBG_SLEEP, DBG_STOP na DBG_STANDBY, huiambia chipu iendelee kutoa mapigo ya saa hata inapojidai imelala, ili probu isikatike. Ni dawa inayopendwa sana, na programu nyingi za kudibagi huziwasha biti hizo zenyewe bila kuuliza. Tazama kinachotokea. Chipu inaingia Stop kwa mujibu wa programu, lakini kisisimuzi chake cha ndani, kile kinachozalisha mapigo ya saa, kinaendelea kufanya kazi na saa zinaendelea kupiga. Mkondo unabaki kwenye miliampea badala ya mikroampea. Ikila miliampea 5 tu, zile betri zetu zinaisha kwa siku 16 na ushee, wakati hesabu ya usingizi wa kweli ilikuwa miaka 16.

Kuna jambo ndani ya rejista hiyo ambalo kila fundi anapaswa kulijua kama jina lake. DBGMCU_CR haifutwi na riseti ya kawaida. Inafutwa pale tu umeme wa chipu unapokatwa na kurudi. Kwa hiyo mtu anaweza kumaliza kudibagi, akachomoa probu, akabonyeza riseti, akapima mkondo, na bado akawa anapima chipu iliyoagizwa kukesha. Ataandika namba ile kwenye ripoti kwa nia njema kabisa, na namba itakuwa ya uongo. Tiba yake ni kutoa betri na kuirudisha.

Hili halipo kwa STMicroelectronics peke yao. Kwenye mfumo wa kudibagi wa ARM, probu inapoingia huandika biti mbili za kuomba umeme, CDBGPWRUPREQ na CSYSPWRUPREQ, kwenye rejista ya CTRL/STAT. Maombi hayo yakiwa yamesimama, sehemu husika za chipu hubaki zimewashwa. Kwenye nRF52 ya Nordic Semiconductor mambo yamewekwa wazi zaidi: chipu ikiwa katika hali ya kudibagi, usingizi wake mzito kabisa, System OFF, huwa wa kuigiza tu. Programu inaamini imezima, kumbe chipu inangoja tu ikiwa imewashwa. Ukitaka kuona System OFF ya kweli lazima uitoe chipu katika hali hiyo, yaani lazima ukubali kutoiona kwa macho ya probu.

Ndiyo maana naiona hali ya kukatika kuwa uaminifu uliowekwa ndani ya silikoni. Mbunifu angeweza kuifanya sehemu ya kudibagi isizimike kamwe, akatupendezesha mezani, na gharama ikalipwa na betri ya mtu mwingine. Akachagua kinyume. Ukitaka chipu ikeshe kwa ajili yako, ni wewe utakayeziwasha biti zile kwa majina yake, na ni wewe utakayezizima. Kukesha kunaombwa, hakutolewi bure. Huo ni mpangilio wa haki.

Tuitazame sasa kero yenyewe kwa karibu, maana anayeilaani mara nyingi hajakaa nayo hadi mwisho. Blue Pill iko mezani, ST-LINK imechomekwa, programu ya kudibagi ya OpenOCD inasubiri kwenye dirisha la amri. Programu iliyomo kwenye chipu huingia Stop milisekunde chache baada ya kuwashwa, na huamka kila baada ya dakika 10 kusoma joto kisha ikalala tena. Unaagiza kuunganisha, jibu linarudi kwamba chipu haikufikiwa. Unarudia, jibu ni lile lile. Fundi anayeijua kazi hapapatiki. Ananyoosha kidole kwenye kitufe cha riseti, anakibonyeza na kukishikilia. Chipu iliyoshikwa kwenye riseti haiendeshi programu, kwa hiyo haina jinsi ya kulala, na kwenye familia hii SWD inaendelea kupatikana hata riseti ikiwa imeshikiliwa. Kwa mkono wa pili anatuma amri. Probu inaingia na kuwasha biti ya VC_CORERESET kwenye rejista ya DEMCR, inayoiagiza prosesa isimame kwenye amri ya kwanza kabisa pindi riseti itakapoachiwa. Anaachia kitufe. Prosesa imesimama mwanzoni mwa programu, haijatekeleza hata mstari mmoja. Sasa inasomeka, inafutika, inapakika.

Kama pini ya riseti ya chipu, NRST, imeunganishwa hadi kwenye probu, kidole hakihitajiki: kwenye OpenOCD unaweka connect_assert_srst, na probu inaishika riseti yenyewe. Na kama njia hiyo nayo imeshindikana, kuna jumpa ya BOOT0. Ihamishe upande wa pili, bonyeza riseti, na chipu itaanzia kwenye programu ya kiwandani iliyomo ndani yake badala ya ile ya kwako. Programu yako haikuitwa, kwa hiyo WFI yako haikufika, na probu inaingia bila upinzani. Unafuta flashi, unairudisha jumpa mahali pake, unaanza upya.

Hesabu mambo ambayo mtu huyo amejifunza kwa tukio moja. Amejua kwamba riseti ni hali ambayo chipu inaweza kukaa ndani yake, si kitufe cha kuanzia upya tu. Amejua kwamba kuna nafasi kati ya riseti na amri ya kwanza. Amejua kwamba chipu ina zaidi ya mahali pamoja pa kuanzia. Nimewaona mafundi waliosoma hayo yote darasani na kuyasahau, wakayashika siku chipu yao ilipolala na kugoma kuamka. Hakuna maabara iliyopanga somo hilo. Kero ndiyo iliyolipanga.

Inafundisha pia adabu ya kuandika programu. Fundi aliyefungiwa nje hurudi na mazoea yasiyomtoka tena. Huweka kituo kifupi mwanzoni, sekunde moja au mbili kabla ya usingizi wa kwanza, ili probu ipate nafasi ya kuingia baada ya kila kuwashwa. Au huacha pini moja ambayo ikiunganishwa na hasi wakati wa kuwasha, programu haiendi kulala. Mambo hayo hayaharibu kitu kwa mtumiaji, na kwa fundi atakayekirithi kifaa miaka mingi baadaye ni msaada mkubwa. Programu isiyo na nafasi hiyo humwachia mwenzako fumbo.

Hujifunza pia kuiacha chipu itoe habari zake yenyewe. Ukiwa huwezi kuchungulia ndani, inabidi ukubaliane nayo mapema ikuachie nini. Kwenye STM32F103C8 kuna rejista 10 za akiba, kila moja biti 16, yaani baiti 20 tu, ambazo hubaki na yaliyomo hata chipu ikipita Standby. Baiti 20 ni kidogo, na uchache huo ni faida. Unalazimika kuamua ni jambo gani lina thamani ya kukumbukwa: mara ngapi imeamka, nani aliyeiamsha, hatua ipi ilikuwa ya mwisho kabla ya kulala. Anayedibagi kwa probu hutazama kila kitu na mara nyingi hajui anatafuta nini. Anayedibagi kwa baiti 20 ameshalifikiria tatizo kabla hajaligusa.

Mwingine huchukua pini isiyotumika, akaiinua programu inapoamka na kuishusha inapokwenda kulala, kisha akaitazama kwenye oskiloskopu. Mstari ule unaopanda na kushuka unamwambia chipu imekaa macho kwa muda gani, na unamwambia hivyo bila kuibadilisha kama probu inavyoibadilisha. Mara nyingi hapo ndipo hugundua kwamba kihisio cha joto kinachukua muda mrefu kujibu kuliko hesabu zote za programu yake zikiwekwa pamoja, na kwamba chipu imekuwa ikikisubiri ikiwa macho wakati ingeweza kulala.

Mwishowe inambidi apime mkondo, na kupima mikroampea ni shule nyingine. Kwenye kipinga cha omu 10, mkondo wa mikroampea 5 huacha mikrovolti 50, kiasi ambacho multimita ya kawaida hukisoma kwa kubahatisha. Akiongeza kipinga kiwe cha omu 1,000 apate milivolti 5 zinazosomeka, chipu ikiamka na kutaka makumi ya miliampea itanyimwa volti na kujiriseti. Anajikuta analazimika kuelewa kwamba kifaa chake kina maisha mawili yenye mahitaji mbalimbali, na kwamba kipimo kimoja hakitoshi kwa yote mawili. Anagundua pia mambo ambayo probu isingemwonyesha kamwe: taa ya kuonyesha umeme iliyo kwenye Blue Pill inakula kuliko chipu iliyolala, na pini iliyoachwa ikielea bila kuunganishwa juu wala chini huvujisha umeme kimya kimya.

Kuna usingizi mwingine upande wa pili wa probu, ule wa kompyuta, na huo nao nausifu. Kwa mujibu wa USB 2.0, kifaa kisichoona shughuli yoyote kwenye nyaya kwa milisekunde 3 kinatakiwa kilale, na kikiwa kimelala kisichukue zaidi ya miliampea 2.5. Windows ina utaratibu wa kukilaza kifaa kimoja kimoja kisipotumika. Linux inao pia. Ikiruhusiwa, hungoja sekunde 2 tangu kifaa kilipotumika mara ya mwisho, na programu kama TLP na powertop huupanua hadi kwenye vifaa vingi zaidi. Probu iliyoachwa bila kazi hulazwa, na baadhi ya probu huamka vibaya: orodha inaonyesha ipo, lakini haijibu mpaka uichomoe na kuichomeka tena. Lawama hapo ni ya probu isiyojua kuamka. Kompyuta imetekeleza sheria ile ile ambayo fundi anaiandika kwenye chipu yake, kwamba asiye na kazi asile umeme. Na fundi anayefanya kazi Dar es Salaam au Kampala, umeme ukikatika na laptopu ikabaki na betri yake tu, ana sababu ya kuishukuru sheria hiyo. Kama probu yako haiwezi kuifuata, kwenye Linux iandikie yenyewe peke yake neno on kwenye faili la power/control, na uache vifaa vingine vilale. Kuizima sheria kwa kompyuta nzima kwa sababu ya kisanduku kimoja ni kuwaadhibu wengi kwa kosa la mmoja.

Nimesema kero hii ni wakili wa mtu asiyekuwapo, na hapo ndipo moyo wangu ulipo hasa. Vifaa vinavyolala ni vile vinavyopelekwa mahali ambapo fundi hafiki kwa urahisi. Huko Samburu, Kenya, tembo huvalishwa kola za GPS zinazotuma mahali walipo. Save the Elephants, taasisi iliyoanzishwa na Iain Douglas-Hamilton mwaka 1993, imejenga utafiti wake kwa kiasi kikubwa juu ya taarifa za namna hiyo. Betri ya kola ikiisha, hakuna wa kwenda nayo bisibisi. Daktari wa wanyamapori lazima amdunge tembo dawa ya kumlaza, watu walizuie kundi, kola ifunguliwe na nyingine ifungwe, kisha mnyama ainuke salama. Kila hatua ina hatari kwa mnyama na kwa watu. Kifaa cha namna hii kinahitajika kuwa macho kwa muda mchache tu wa siku. Unaobaki ni wa kulala. Aliyeandika programu isiyolala vizuri hakujipotezea betri yake. Amemletea tembo sindano kabla ya wakati wake.

Ni hivyo hivyo kwa kipima mvua kilichofungwa kwenye mlingoti kijijini, kwa mita ya maji iliyofukiwa chini ya mfuniko wa zege, kwa kifaa cha mgonjwa anayekaa mbali na hospitali. Mezani kuna USB, na USB hutoa umeme bila kuhesabu. Huko kwingine kuna betri tu. Kila mara chipu inapoikata probu, inamkumbusha fundi kwamba meza yake si mahali kifaa kitakapoishi. Ukumbusho huo humuudhi, na anauhitaji.

Najua hoja za wanaopinga, na zina uzito. Muda unapotea. Kasoro zinazotokea ndani ya usingizi wenyewe ni ngumu kuzikamata kuliko nyingine zote, kwa sababu ukiwasha biti za kukesha ili uzione, mara nyingi hutoweka. Na mwanafunzi wa mwanzo, aliyejinunulia bodi yake moja kwa fedha ya kubana, huona chipu haijibu, akaamini imekufa, akaitupa ikiwa nzima. Hilo la mwisho linaniuma kweli. Lakini tiba yake si chipu isiyolala. Tiba ni kumwambia mwanafunzi huyo tangu somo la kwanza kwamba chipu isiyojibu huenda imelala, na kumwonyesha kitufe cha riseti na jumpa ya BOOT0 kabla hajafundishwa kuwasha taa. Tukimwondolea kero badala ya kumpa maarifa, tutampata fundi anayejua kuandika programu za mezani tu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Kuhusu kasoro zinazotoweka probu inapoingia, huo nao ni ushahidi upande wangu. Kasoro inayopona ikitazamwa ni kasoro ya usingizi: saa iliyorudi kwa kasi isiyo yake, kwa kuwa STM32F103 ikitoka kwenye Stop huamka ikitumia kisisimuzi chake cha ndani cha 8 MHz na programu ikasahau kurudisha saa ya awali, au kifaa cha nje kilichozimwa na hakikuandaliwa upya. Fundi aliyezoea kuiamini probu atatangaza kwamba tatizo limekwisha. Aliyefunzwa na kero atalifuata huko huko gizani, kwa pini, kwa baiti 20 na kwa kipimo cha mkondo, mpaka alikamate.

Kwa hiyo ninayo maombi, na nayatoa kwa dhati. Watengenezaji wa chipu, msiilegeze sheria hii. Biti za kukesha zibaki zimezimwa mpaka ziombwe, na maelezo yake yawekwe mwanzoni mwa kitabu cha chipu, maana ndipo wanaoanza wanapofika. Watengenezaji wa programu za kudibagi, msiwashe biti hizo kimya kimya. Mwambieni fundi kwamba chipu yake inakeshezwa na kwamba vipimo vya mkondo havina maana mpaka umeme ukatwe. Walimu wa vyuo, wapeni wanafunzi chipu inayolala katika wiki ya kwanza. Na sisi tunaotoa vifaa kwenda kwa watu, tuweke kanuni moja kabla ya kutia sahihi: probu ichomolewe, betri itolewe na irudishwe, kifaa kiachwe kilale na kuamka kwa ratiba yake, na mkondo upimwe katika hali hiyo tu. Namba iliyopatikana probu ikiwa imechomekwa isiingie kwenye ripoti yoyote, hata ikiwa nzuri.